Visanduku vya Mtani Wangu

Kabla sijaoa nilipasua mawe Lugoba. Wakati ule hakukuwa na mitambo ya kokoto inayotimua vumbi mpaka barabarani kama siku hizi. Ilikuwa nyundo, turubai la kukinga jua, na kifua cha mtu. Kwenye genge letu palikuwa na mzee mmoja mfupi, kidole gumba chake kilikwishapondwa kikawa bapa kama kijiko. Yeye kabla ya kupiga jiwe aliligonga kidogo kwa ubavu wa nyundo, sikio karibu, mithili ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyokuwa na hakika kama wenyewe wapo. Kisha analizungusha, anapiga pigo moja, jiwe linafunguka. Sisi wengine tulipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Nikamuuliza, "Ami, unasikia nini humo?"

"Siku ukisikia utaniambia."

Hilo likanitoa akili. Nikaanza na mimi kugonga mawe na kutega sikio, kutwa nzima, jiwe hili na lile, na rundo langu la kokoto likawa halikui. Msimamizi akanivumilia, akanivumilia, halafu akasema yeye anauza kokoto, hafundishi watu kuzungumza na mawe. Nikafungasha. Yule mzee alikuja kunisindikiza mpaka barabarani na hata hapo nikamuuliza tena, akacheka tu. Mpaka leo sijui alikuwa akisikia nini, na kila nikipita Lugoba linaniwasha.

Shule niliishia darasa la nne, kwa sababu ambazo nikianza kuzieleza hatutafika. Lakini kuuliza sikuachishwa. Mama yangu alikuwa akisema mimi nikifa nitamuuliza mchimba kaburi kwa nini ameanzia upande wa kichwa.

Basi kutoka Lugoba nikashuka pwani, nikafikia Zinga kwa mama mdogo aliyekuwa akipika vitumbua kando ya barabara. Pale ndipo nilipomwona mke wangu. Alikuja asubuhi moja, akanunua kitumbua, akakikamua kwa vidole viwili mafuta yakatiririka, akamwambia mama mdogo, "Hiki ningekitia kwenye taa." Nikasema moyoni, huyu ndiye. Ulipita muda kabla yeye naye hajasema hivyo, na katikati kuna habari ya posa na mjomba wake aliyenitaka kwanza nimfanyie kazi msimu mmoja anione nilivyo. Mjomba huyo alikuwa na majaruba ya chumvi kwenye mkono wa bahari, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Nilikwenda kwa msimu mmoja. Sijatoka. Mjomba alifariki, wanawe wakaenda Mapinga kwenye biashara ya viwanja, majaruba wakatuachia mimi na mke wangu na watu wachache wa kupakia.

Chumvi ni kazi ya kungoja. Bahari ikijaa wakati wa bamvua unafungua mlango, maji yanaingia jaruba la kwanza, unafunga. Jua likishayapunguza unayahamishia la pili, halafu la tatu, na kila mara yanazidi uzito, mpaka siku moja unaona utando mweupe juu, na chini chumvi imekaa. Unaikokota kwa reki, unairundika tutani ijikaushe. Yanayobaki si maji tena hasa. Yanateleza vidoleni kama mafuta, na ukiyaonja ulimi unataka kukimbia. Sisi tunayaita maji machungu. Ukiyaacha yanaiharibu chumvi inayofuata, kwa hiyo tunayafungulia yarudi baharini. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuja kuyaulizia.

Akaja huyu bwana. Ilikuwa mchana, vuli imekwisha, na yeye amevaa viatu vya kufunga kamba. Matuta yetu juu yanaonekana makavu, chini ni tope. Hatua ya kwanza ikawa salama. Ya pili kiatu kikabaki.

"Shikamoo, mzee," akasema, mguu mmoja hewani.

"Marahaba. Kiatu chako kinazama."

"Kiache kwanza. Nilitaka kuuliza, yale maji mnayoyamwaga, naweza kupata kidogo?"

Nikamtazama. Miwani, shati safi, kichupa cha plastiki mkononi. "Ukiyanywa hayo," nikamwambia, "barabarani hutafika. Utaishia kwenye mikoko ile pale."

"Si ya kunywa. Ya kazi. Nafanya kazi maabara, hapo mjini."

"Na kwenu?"

"Tabora."

"Ah. Mnyamwezi." Nikaweka reki chini, maana sasa mambo yalikuwa mengine. Sisi wa pwani na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. "Babu zako walifika hapa na pembe za ndovu mabegani. Wewe umekuja kubeba maji machafu. Naona ukoo unashuka."

Hakukawia hata kidogo. "Babu zangu walibeba, nyinyi mkakaa kivulini mkiwangoja. Naona hamjainuka."

Basi tukawa watu. Nilimvulia kiatu mwenyewe, nikamjazia kichupa, na tangu siku hiyo sikumwita kwa jina lake wala yeye kwa langu. Ilikuwa mtani, mtani. Mke wangu alimwita baba, naye akimwita mama.

Mara ya pili alipokuja nilikuwa nimekwishajiandaa kwa maswali. Nikamkalisha kwenye kitanda cha kamba ukumbini, nikamwambia hapati maji mengine mpaka aniambie anayafanyia nini.

"Nakunja vinasaba," akasema.

Sasa neno hilo kwetu linajulikana kwa jambo moja tu: mtoto ni wa nani. Tumelisikia redioni, tumelisikia kwenye kesi za watu wakubwa. Lakini kukunja?

Akapapasa kamba ya kitanda alichokalia. "Chukulia kamba hii ndefu, moja, imelala chini imejivuruga. Halafu una vipande vifupi vingi vya kamba. Kila kipande kina ncha mbili. Ncha hii inajua kushika mahali pamoja tu kwenye kamba ndefu, na ncha hii inajua mahali pengine. Kipande kikishika huku na huku, kamba inavutika, inakunjika. Vikishika vyote, kamba imekuwa kitanda."

"Na msukaji?"

"Hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Unavitia vyote kwenye maji yenye madini kidogo, yale yaliyomo kwenye maji yako machungu. Bila hayo, nyuzi zinasukumana, hazikubali kulala pamoja. Unapasha moto, kisha unaacha vipoe polepole. Vinajikunja vyenyewe."

Nimeona mengi yanayokwenda yenyewe. Chumvi yenyewe inakaa chini bila kuambiwa. Lakini chumvi haikai ikawa kitanda. Nikamwambia, "Nitafutie na mimi kamba hiyo, hiki ulichokalia kimelegea na mgongo unaniuma."

Alicheka, akaendelea. Yeye hakuwa akisuka kitanda, alikuwa akisuka visanduku vyenye mfuniko. Udogo wake sikuuelewa mpaka aliponing'oa unywele wa kidevuni bila kuniomba ruhusa, akanionyesha upana wake akasema hapo vinapangika mamia, bega kwa bega. Uzi mrefu hutolewa kwenye kirusi fulani kisichomgusa binadamu, kinachosumbua bakteria tu. Vile vipande vifupi huagizwa nje, hufika vikiwa unga mkavu. Kila kisanduku kina kufuli, na kufuli hilo linakubali ufunguo mmoja tu, nao ni uzi wa kijidudu cha malaria. Ufunguo ukija, mfuniko unafunguka, kisanduku kinawaka.

"Kinawaka moto?"

"Mwanga. Utaona."

Nikaona. Siku nyingine alikuja na vichupa vidogo kama punje za mtama uliovimba, akamwomba mke wangu chupa ya chai. Alitaka kujua kama visanduku vinaweza kutengenezwa mahali pasipo mashine. Mke wangu akauliza chai ataiweka wapi. Akamwambia, "Tuinywe, mama." Tukainywa yote, tumbo likawa linasikika likitembea. Akaiosha ile chupa, akaijaza maji yanayochemka, akavitia vichupa vyake kwenye kimfuko, akavizamisha, akafunga kifuniko, akasema isiguswe mpaka kesho.

Siku iliyofuata mke wangu alitupikia uji kwa sababu chupa ilikuwa na wageni. Mtani akafika, akavitoa, akafunga dirisha la ghala. Akanipa kipande cha kioo cha rangi ya chungwa nikiweke machoni, akawasha tochi ya mwanga wa buluu. Kichupa kilikuwa cheusi. Hakuna kitu.

"Vimefungwa," akasema. "Sasa tazama." Akadondosha tone, ule ufunguo uliotengenezwa maabara, si wa mgonjwa. Tukangoja. Nikaona kama macho yananidanganya, halafu hayanidanganyi: kile kichupa kilianza kupata kijani, kidogo kidogo, kama kimulimuli anayejifikiria. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, akasema hivyo vitu vinatoka mbali, mtani, si karanga.

Alinieleza pia kilichomleta hasa. Alikuwa amekaa ng'ambo miaka, amesoma huko, amefanya kazi huko kwenye maabara ya watu, na kipimo kile cha malaria walikibuni pamoja. Yeye ndiye aliyewabembeleza kazi ihamie huku, maana malaria iko huku. Wakubwa wake wakasema sawa, lakini kipimo cha vijijini kitakaa kwenye nyumba zisizo na friji. Onyesha kwamba visanduku vinakaa vimefungwa kwenye joto, msimu mzima wa kaskazi, bila kupozwa. Vikikaa, kazi inabaki Bagamoyo, na yeye anabaki nayo. Visipokaa, kazi inarudi kwao. Kaskazi moja tu walimpa.

"Na wewe unataka nini?" nikamuuliza.

"Kubaki. Nimechoka kuwa mgeni, mtani. Hata chumvi ya kule nilikuwa naiona haikolei."

Maabara yake mjini ilikuwa na kiyoyozi, na alikuwa na kabati la joto, lakini alitaka na joto la kweli, la nyumba ya mtu. Akaitazama ghala yetu, mabati yasiyo na dari, mchana ukiingia unahisi umevalishwa blanketi. Akasema hapahapa. Akapigilia msumari ukutani, akatundika kikopo chenye vichupa, na pembeni msumari mwingine wa kipimajoto, kile cha kujiandikia chenyewe. Akamwambia mke wangu, "Mama, naacha amana."

"Imepokelewa, baba," akasema mke wangu.

Angalia neno hilo, amana. Mimi sikuliangalia wakati ule.

Tangu hapo alikuwa akija mara kwa mara, jioni jioni, akitoka kazini. Tunafunga dirisha, tochi ya buluu, kioo cha chungwa. Vichupa vyeusi. Anatoa kichupa kimoja, anakitia ufunguo, kinawaka. Vingine vyeusi, vyeusi. Nami nilikuwa na maswali yangu ya siku hiyo. Je, kisanduku kikiwa kimefungwa, ndani kuna nini? Akasema kuna maji, na kitaa chenyewe kimefunikwa. Je, vikigombana? Je, vikikutana viwili vinaweza kushikana? Hilo la mwisho akasema ni swali zuri, kwamba kweli hushikana, ni usumbufu mkubwa, na ameumiza nalo kichwa zaidi ya mwaka. Nililala vizuri siku hiyo.

Habari za vinasaba hazikukaa ndani. Mpakiaji wetu mmoja, mtu mwenye mgongo kama ukuta na moyo kama wa kuku, alikuwa amepata mtoto baada ya kungoja sana, na mdomo wa watu ulishamfikia. Akaja siku ambayo mtani yupo, ameshika kikaratasi cha gazeti.

"Daktari," akasema, maana kwetu kila mwenye miwani ni daktari, "nina nywele hapa."

"Za nani?"

"Za mtoto. Na zangu nimezichanganya humohumo."

"Umezichanganya?"

"Ili uzilinganishe vizuri."

Mke wangu alikuwa akipepeta mchele. "Zako umezitoa wapi, nawe una upara?"

"Za ndevu, mama."

Mtani akavua miwani akaifuta. "Ndugu yangu, mimi sisomi vinasaba vya watu. Mimi nakunja vya maabara, basi."

"Basi vya mwanangu vikunjue."

"Havikunjuliwi na mimi. Sina hata chombo chake."

Jamaa akanitazama mimi, kana kwamba chombo nimekificha chini ya kitanda. Mke wangu akaweka ungo chini. "Mtoto yule," akasema, "kila anayemwona anamwonea huruma kwa alivyofanana na baba yake. Masikio yale wewe uliyaona wapi kwingine? Nenda nyumbani kwako ukambebe."

Alikunja kikaratasi chake akaondoka, hakuridhika. Kwa muda akawa anawaambia wenzake kwamba pale kwa mzee kuna kipimo kinaamua lakini kinafichwa kwa ajili ya wakubwa. Siku hizi mtoto anatembea nyuma yake kwenye matuta, masikio yote mawili yamesimama, na habari ya nywele haizungumzwi.

Kaskazi ile ilikuwa kali. Majaruba yalikuwa yanakauka mapema, chumvi ikawa nyingi, sisi tukawa huko nje tangu jua halijachomoza mpaka adhuhuri, tunarudi kuswali na kula, tunarudi tena. Mtani alianza kuja na uso usioeleweka. Akaniambia vile vya kabati la maabara vimeanza kuvuja: kabla hata ya ufunguo vinatoa mwanga kidogo, maana yake mifuniko inalegea. Vya kwetu, na kipimajoto kinaonyesha mchana joto lilelile, havivuji. Vyeusi kabisa.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Ndiyo hilo."

Alikaa nalo. Nilimwona akizunguka ghala, akigusa mabati, akikaa mlangoni amejishika kidevu. Halafu siku moja akaja anatembea haraka, viatu ameshavifunga shingoni kwa kamba zake kama alivyojifunza, akaanza kusema kabla hajafika. Kabati la maabara, alisema, joto lake halishuki. La kwetu linapanda mchana, usiku linashuka. Mfuniko ukilegea saa saba mchana, usiku ukipoa unajikunja tena. Vinajiponya, mtani. Kila usiku vinajiponya.

Nilisimama na reki yangu nikalifikiria jambo hilo, visanduku visivyoonekana vinafunguka na jua na kujifunga na giza, pale ukutani kwangu, na mimi nimelala chumba cha pili. Nikaona ni jambo zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa. Akasema amekwishawaandikia ng'ambo. Wamefurahi. Wanataka kazi ibaki.

Akaleta zawadi. Jora la khanga kwa mke wangu, tende, na kilemba changu. Mke wangu akapika wali wa nazi na samaki changu wa kupaka, tukala ukumbini, na alipokwisha kunawa mtani akasema kwa adabu kwamba asingefika hapo bila nyumba hii, kwamba amana yake imetunzwa.

Mke wangu akainama kidogo, kama mtu anayepokea haki yake. "Si kazi, baba. Kilichotusumbua ni mchana tu. Jua la saa sita lingeviua. Ndiyo maana nilikuwa navishusha mtungini."

Sikuelewa mara moja. Mtani naye alibaki na kitambaa cha mikono mkononi.

"Mtungini, mama?"

"Chini ya mtungi. Mchangani."

Nyumba aliyolelewa mke wangu kule Zinga, mtungi wa maji unakaa juu ya mchanga mweupe, na kwa kuwa mtungi unatoka jasho mchanga ule haukauki. Kila kinachoogopa joto kinafukiwa hapo: dawa ya macho, mbegu, ndimu, samli. Na amana ya mgeni haiwekwi mahali pa vitu vyako, inawekwa pazuri zaidi. Tena ukishaitunza hutangazi, kutangaza ni kudai shukrani. Alikuwa ameona zahanati chanjo zinavyokaa na barafu. Akaona kijana wa watu amesahau dawa yake ukutani penye mabati, hana mke huku wa kumwambia. Basi sisi tukishatoka asubuhi, yeye anashusha vichupa, anavifukia. Alasiri anavipangusa, anavirudisha msumarini. Kipimajoto hakukigusa. Kile hakikuwa dawa.

"Kila siku?" akauliza mtani.

"Kila siku. Hata Ijumaa."

"Tangu mwanzo?"

"Amana si jambo la kuanza katikati."

Aliomba aonyeshwe. Tulikwenda wote watatu kwenye kona ya jikoni. Akachuchumaa, akatia mkono kwenye ule mchanga mpaka kifundoni, akauacha humo. Niliutazama mgongo wake nikaelewa: mchana wote ule havikuonja joto. Mke wangu alisimama juu yake amefurahi, anangoja.

Akageuka akamtazama. "Mama," akasema, "umevitunza kuliko nilivyovitunza mimi."

"Ndiyo kazi yetu."

Hakumwambia zaidi. Na mpaka leo hajui. Mke wangu hasomi, na atakayemsomea haya namwomba hapa aparuke.

Tulitoka nje, mimi na yeye, tukasimama kwenye tuta la kwanza. Nikasema nilichokuwa nacho moyoni, na sioni haya kukiandika. Nikamwambia, "Nyamaza. Tunajua watatu, na mmoja hajui anachojua."

"Wamekwishaamini, mtani. Nimewaambia vinajiponya."

"Huenda ni kweli."

"Huenda. Lakini sikuona. Niliona mchanga wa mama."

"Basi waambie mchanga. Nani hana mtungi?"

"Mtungi unapoza, hilo tunalijua. Wao waliuliza joto."

"Rudia, basi. Tundika vingine, nitavilinda mwenyewe, nitakaa mlangoni."

Akaonyesha juu kwa kidevu. Upande wa bara mawingu ya masika yalikuwa yamekwishasimama, na upepo ulikuwa umegeuka. "Kaskazi imekwisha. Na uzi umekwisha."

Akatoa simu. Alisogea mbele kidogo tutani, akaongea Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni cha kuhesabu mpaka ishirini, lakini mtu akisema hapana unajua, kwa lugha yoyote. Alisema hivyo mara kadhaa, kwa utulivu, na kati yake akawa anasikiliza kirefu. Nilijitia kurekebisha rundo la chumvi lililokuwa halihitaji kurekebishwa.

Aliporudi nikamuuliza wamesemaje.

"Wameshukuru kwa kuwaambia. Kazi inarudi kwao."

"Na wewe?"

"Mimi ni mpagazi, mtani. Nakwenda ulipo mzigo."

Nikaendelea kulisawazisha lile rundo.

Mke wangu alitoka na kifuko cha chumvi, ile ya juu ya rundo, nyeupe kabisa, na vile vichupa vilivyobaki amevifunga kwenye kitambaa kilicholowa. Akamwambia akija na vingine alete mapema, safari hii atachimba mchanga mpya. Mtani akapokea kwa mikono miwili. Akasema, "Mungu akipenda, mama." Akamwamkia tena, shikamoo ya pili kwa siku moja, naye akaitikia marahaba baba, salama.

Kwangu alinyoosha mkono, nikaushika, akasema anakwenda mjini kuangalia jambo. Kisha akavua viatu, akavifunga kamba akavining'iniza shingoni, akapita katikati ya majaruba mawili kwa hatua fupi fupi kama tunavyopita sisi, kifuko mkono mmoja na kitambaa kinadondosha maji mkono wa pili. Penye mikoko tuta linapinda. Akapinda nalo. Hakurudi.